Namna ya Kulizoea Jiji la San Francisco: Anza na Ardhi Yake

Mgeni anayeshuka San Francisco mwezi wa Julai akiwa na shati la mikono mifupi hutambulika kabla hajafungua kinywa. Ndiye yule anayesimama dukani Powell Street saa kumi na mbili jioni, akitetemeka, akinunua sweta nzito yenye jina la jiji kifuani kwa bei asiyopenda kuitaja, kwa kuwa aliambiwa kwamba California ni jua tupu. Nami nilikuwa mgeni wa namna hiyo, na sweta yenyewe ninayo mpaka leo. Mwongozo huu ni kwa msomaji mwenye siku nne au tano za kukaa huko, au anayehamia kwa masomo au kazi, na ambaye angependa kulielewa jiji badala ya kulipiga picha na kuondoka. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na yaliyobaki yanaufuata: anza na ardhi. Vilima, mchanga, maji baridi ya bahari na nyufa zilizo chini ya miamba ndivyo vilivyoamua wakazi wajenge wapi, wapande chombo gani na waogope nini.

Soma ramani, kisha usiiamini

San Francisco imekaa kwenye ncha ya rasi. Magharibi yake ni Bahari ya Pasifiki, mashariki ni ghuba pana, na kaskazini ni Golden Gate, mlango wa bahari unaoyaunganisha maji ya pande hizo mbili. Eneo la nchi kavu ni kama kilomita za mraba 121 tu, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 873,965. Kwa sifa iliyo nayo duniani, wengi hudhani ndiyo kubwa kuliko miji yote ya upande ule, ilhali San Jose, iliyo kusini mwa ghuba, ina watu wengi zaidi. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kutoka ukingo wa ghuba asubuhi na kufika ufukwe wa Pasifiki kabla ya alasiri, maana ni kilomita 11 hivi. Maji yamelizuia jiji pande tatu, halina pa kutanukia, na hilo, pamoja na masharti makali ya ujenzi, ni sehemu ya sababu za pango la nyumba kuwa ghali kupita kiasi.

Kabla ya kupanda kilima chochote, simama Montgomery Street, katikati ya mabenki, utazame upande wa mashariki. Ufukwe wa zamani ulipita karibu na hapo. Wahispania walijenga ngome na misheni mwaka 1776 katika nchi ya Waohlone, wenyeji wa asili wa hapo, lakini kijiji cha biashara kilichokuwa kando ya ghuba, kilichoitwa Yerba Buena hadi kilipopewa jina la San Francisco mwaka 1847, kilikuwa na watu wachache tu. Januari 1848 dhahabu ikaonekana kwenye mfereji wa kiwanda cha kupasua mbao huko Coloma, na kufikia mwisho wa mwaka 1849 mji ulikuwa na watu wapatao 25,000. Meli ziliingia zikiwa zimejaa, mabaharia wakaziacha na kukimbilia machimboni, na mamia ya vyombo vikabaki bandarini bila wa kuvirudisha. Baadhi ziligeuzwa maghala na nyumba za kulala wageni, na nyingine zikafukiwa pale ghuba ilipojazwa ili kupata viwanja. Kwa hiyo kila hatua unayopiga kutoka hapo hadi Ferry Building ni hatua juu ya kifusi, na mafundi wanaochimba misingi ya maghorofa wamewahi kukutana na mbavu za meli. Likumbuke neno hilo kifusi, kwa sababu tutalirudia.

Sasa fungua ramani. Market Street inalikata jiji kimshazari kutoka Ferry Building kuelekea kusini-magharibi, na barabara za kaskazini mwake hazilingani na za kusini, ambazo zimelala kimshazari pamoja nayo. Ndiyo maana makutano ya Market yana pembe kali na majengo yaliyochongoka kama kipande cha keki. Kwa barabara zinazopanda kutoka Market kuelekea kaskazini, namba za nyumba huanzia Market na kuongezeka kwa mia moja kila unapovuka barabara, hivi kwamba mwenyeji akikutajia namba huweza kukadiria umbali bila simu. Jambo linalowapoteza wageni ni kwamba jiji lina barabara za namba za aina mbili. Zile ziitwazo Street zipo mashariki, kuanzia katikati ya jiji hadi mtaa wa Mission na kuendelea. Zile ziitwazo Avenue zipo magharibi, kuelekea bahari kuu. Siku yangu ya pili nilialikwa chakula cha jioni 24th Avenue, nikashuka 24th Street, nikazunguka na boksi la keki mkononi nikitafuta namba isiyokuwapo, mpaka mama mmoja muuza matunda akaninyooshea kidole upande wa magharibi na kuniambia kwamba ninakokwenda ni mbali, tena kuna ukungu. Alisema kweli kwa yote mawili.

Kosa la pili la ramani ni kuuonyesha mji kama sakafu. Wapima ardhi wa karne ya 19 walichora miraba yao na kuipitisha juu ya vilima kana kwamba vilima havipo, na matokeo yake ni barabara kama Filbert Street, kati ya Hyde na Leavenworth, ambayo mwinuko wake ni asilimia 31.5. Kwa hiyo usikadirie safari kwa idadi ya vitalu, yaani mafungu ya majengo kati ya barabara moja na nyingine. Ukipanga kutembea, tafuta programu ya ramani inayoonyesha mwinuko, au fuata desturi ya waendesha baiskeli, ambao kutoka Market Street hadi upande wa Golden Gate Park hutumia njia ya kujipindapinda iitwayo Wiggle, inayopita bondeni kati ya vilima. Njia ndefu ndiyo fupi huko.

Nguo, miezi na ukungu

Hali ya hewa ya San Francisco hufuata sababu moja ukishaielewa. Maji ya Pasifiki kwenye pwani hiyo ni baridi, kwa sababu upepo wa majira ya joto huyasukuma maji ya juu na kuyaacha ya chini yapande. Hewa yenye unyevu inayopita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu. Wakati huohuo bonde kuu la California, bara kidogo, huungua kwa jua. Hewa yake ya moto hupanda, na hewa baridi ya baharini huvutwa kujaza nafasi. Safu ya milima ya pwani imeziba njia karibu kote, isipokuwa pale Golden Gate, kwa hiyo ukungu hupenya hapo kama moshi unaopita chini ya mlango. Bara linapozidi joto, San Francisco huzidi baridi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, anayejua jinsi kusi inavyompangia mvuvi ratiba ya mwaka, hatapata tabu kukubali kwamba upepo unaweza kulitawala jiji zima. Wenyeji wameuzoea ukungu huo kiasi cha kuupa jina la mtu, Karl.

Kutokana na hayo, miezi mizuri ya kwenda ni Septemba na Oktoba, wakati ukungu unapopungua na jua linapoonekana mchana kutwa. Juni hadi Agosti joto la juu mchana huwa nyuzi 20 hivi, na jioni ni baridi ya kufunga zipu. Mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi, na theluji ni ya kusimuliwa tu. Vaa kwa tabaka: fulana, sweta, na jaketi la kuzuia upepo. Wala usidhani kwamba hali ya hewa ni moja jiji zima. Vilima vya katikati, hasa Twin Peaks vyenye kimo cha mita 281, huuzuia ukungu, hivyo mitaa ya Sunset na Richmond iliyo magharibi inaweza kuwa kijivu siku nzima huku Mission, upande wa pili wa vilima, watu wamelala nyasini wakiota jua. Mpangaji mzoefu akitafuta nyumba huuliza kodi, kisha huuliza ukungu.

Na bahari yenyewe? Itazame tu. Ocean Beach ni ufukwe mpana wa kupendeza, lakini maji yake hayazidi sana nyuzi 15 hata majira ya joto, na mikondo yake inayovuta kuelekea kilindini imeua watu waliojua kuogelea. Aliyekulia Tanga au Lamu atatamani kuvua viatu na kuingia. Avue viatu, aishie magotini.

Kupanda na kushuka

Uwanja wa ndege wa SFO uko nje ya mipaka ya jiji, upande wa kusini, na treni ya BART hukufikisha katikati ya jiji kwa takriban nusu saa. Nunua kadi ya Clipper au iweke kwenye simu, kwa sababu ndiyo inayotumika katika BART, mabasi na tramu za Muni, shirika la usafiri la jiji, na hata feri za kuvuka ghuba. Ukishalipa nauli ya basi au tramu ya Muni, unaweza kubadilisha chombo kwa muda wa saa mbili bila kulipa tena. Usikodi gari kwa ajili ya kuzunguka jijini. Maegesho ni taabu na ni ghali. Ukilazimika kuwa nalo, kumbuka mambo mawili. La kwanza ni sheria: ukiegesha mteremkoni, kata usukani hadi magurudumu ya mbele yaegemee ukingo wa barabara, ili breki zikishindwa gari lijikite hapo badala ya kumfuata mpita njia. Utaona barabara nzima ya magari yaliyopinda magurudumu upande mmoja, kama kwamba yote yalikuwa yakigeuka yakasahau. La pili ni kwamba usiache chochote ndani, hata begi tupu, maana wavunja vioo hawajui kuwa ni tupu. Siku hizi utakutana pia na teksi za Waymo zisizo na dereva, usukani ukizunguka wenyewe, na baada ya dakika tano utashangaa kwamba umeacha kushangaa.

Chombo kinachostahili muda wako ni gari la kebo. Andrew Hallidie alilijaribu la kwanza mwaka 1873 katika Clay Street, wakati ambapo farasi waliteleza na kuumia wakivuta mizigo vilimani. Gari halina injini. Chini ya barabara, ndani ya mfereji mwembamba, kebo ya chuma inazunguka bila kukoma kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Mwendeshaji, aliyesimama katikati ya gari, huvuta mtaimbo mrefu unaoikamata kebo kama koleo, na gari huanza kwenda. Akitaka kusimama huiachia kebo na kufunga breki. Miongoni mwa breki hizo zimo za vipande vya mbao laini vinavyobanwa kwenye reli, na ukikaa sehemu ya wazi mbele wakati gari linaposhuka kilima, utasikia harufu ya mbao zinazoungua. Mbao hizo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Mwaka 1947 meya alitaka kuyaondoa magari hayo na kuweka mabasi, lakini kamati ya akina mama iliyoongozwa na Friedel Klussmann ikapeleka suala kwenye kura, na wapiga kura wakayaokoa.

Njia zilizobaki ni tatu. Mbili huanzia Powell na Market, ambapo gari huzungushwa kwa mikono juu ya sahani ya mbao na ambapo foleni ya wageni huweza kula saa nzima. Usipange foleni hiyo. Nenda mwisho wa njia ya California Street, karibu na Ferry Building, ambako mara nyingi utapanda papo hapo, nawe utapanda kilima cha Nob Hill ukiitazama ghuba ikizama nyuma yako. Ukishuka, tembea hadi jumba la makumbusho lililo makutano ya Washington na Mason. Kuingia ni bure, na hapo ndipo magurudumu makubwa yanayozivuta kebo zote za jiji yanapozunguka mbele ya macho yako, kwa kelele inayokulazimu kusema kwa ishara.

Mitaa ya kutembelea kwa miguu

Chinatown ni ya kwanza, nawe iingie kwa njia mbili. Ingia mara moja kwa Grant Avenue, kupitia lango lenye majoka, uone taa nyekundu na mapaa yaliyokunjwa ncha. Kisha hamia Stockton Street, kitalu kimoja magharibi, ambako bibi wenye vikapu wanabonyeza mabiringanya na kubishania bei ya samaki walio hai. Mapaa hayo yana kisa. Baada ya tetemeko la mwaka 1906 kuuteketeza mtaa, viongozi wa jiji walitaka kuwahamishia Wachina pembeni. Wafanyabiashara wa Kichina walijenga upesi palepale, wakawaajiri wasanifu majengo Wazungu wachore mtaa wenye sura ya Mashariki kadiri Wamarekani walivyoifikiria, ili wageni waje na fedha zao na jiji liogope kuupoteza. Moto huohuo uliunguza rekodi za watu waliozaliwa jijini, na wahamiaji wengi, waliobanwa na sheria ya mwaka 1882 iliyowafungia Wachina mlango, wakapata nafasi ya kudai kwamba walizaliwa San Francisco. Mzaliwa halisi wa hapo, Wong Kim Ark, mtoto wa wazazi wa Kichina, alikuwa ameshashinda kesi yake ya uraia katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1898, na hukumu hiyo ndiyo inayotajwa hadi leo kila unapozuka ubishi juu ya uraia wa kuzaliwa.

Mission ni mtaa wa jua, wa Wamexico na Waamerika ya Kati, na wa vijana wa kampuni za teknolojia ambao mishahara yao imepandisha pango la majirani. Shuka BART kituo cha 24th Street, tembea hadi Balmy Alley uone kuta zilizochorwa toka mwisho hadi mwisho, kisha ule burito, yaani chapati kubwa iliyokunjiwa wali, maharage na nyama, nzito kama mtoto mchanga. Moja inawatosha wawili. Kanisa la misheni, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1791, ni jengo kongwe kuliko yote yaliyobaki jijini, na unene wa kuta zake za matofali ya udongo ndio uliolipitisha katika matetemeko yote.

Fillmore ina huzuni yake. Wajapani waliokaa huko waliondolewa mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, na kupelekwa katika kambi za kizuizi. Nyumba zao zikachukuliwa na Wamarekani Weusi waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya meli wakati wa vita, na mtaa ukajaa kumbi za jazi. Kisha serikali ya jiji ikaamua kuujenga upya, ikabomoa vitalu kwa vitalu, na wengi walioahidiwa kurudi hawakurudi. Leo Weusi ni karibu asilimia 5 ya wakazi. Anayetaka kuanzia mahali fulani na aende Makumbusho ya Diaspora ya Afrika, yaliyofunguliwa mwaka 2005 katika Mission Street, halafu atembee Fillmore akijua anachokitazama.

Castro, mtaa ulioifanya San Francisco kuwa kitovu cha siasa za mashoga na wasagaji, unakumbuka diwani Harvey Milk, aliyechaguliwa mwaka 1977 na kuuawa mwaka uliofuata pamoja na meya George Moscone, ndani ya ukumbi wa jiji. Haight ilikuwa na mahipi mwaka 1967 na sasa ina maduka ya mitumba. Alcatraz, kisiwa kilicho ghubani, ilikuwa gereza la serikali kuu kuanzia mwaka 1934 hadi 1963, kisha ikakaliwa na Wenyeji wa Asili wa Marekani kwa miezi 19 kuanzia Novemba 1969; tiketi ya feri inunuliwe wiki kadhaa mapema, la sivyo utaitazama kutoka gatini.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kituo kimoja kisichomo katika vitabu vya watalii. Karibu na ukumbi wa jiji, katika jengo la kumbukumbu ya wapiganaji, tarehe 26 Juni 1945, wajumbe wa nchi 50 walitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ndani ya mkataba huo mna sura inayounda mfumo wa udhamini, ambao ulizitaka nchi zinazotawala maeneo ya udhamini ziyaandae kujitawala. Tanganyika iliwekwa chini ya mfumo huo mwaka 1946, na Ruanda-Urundi vilevile. Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York mwaka 1955, hoja yake ilitegemea maneno yaliyotiwa saini katika jukwaa hili. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikila chungwa, nikiwaza hayo, na hakuna aliyejua kwa nini nilikuwa ninatabasamu.

Ukitoka hapo kuelekea mashariki utaingia Tenderloin, na afadhali uambiwe mapema. Ni mtaa wa watu wasio na makazi, wa mahema na dawa za kulevya zinazotumiwa hadharani, vitalu vichache tu kutoka kwenye hoteli za kifahari. Mchana pita kwa mwendo wa kawaida, usipige watu picha, na usiku chukua basi. Lakini usiuogope kiasi cha kuukwepa kabisa, kwani huko ndiko kuna migahawa mingi ya halali, ya Wapakistani na Wayemeni, yenye bei ambazo mwanafunzi anaziweza.

Daraja la Golden Gate lisitazamwe kutoka ndani ya basi. Shuka kwanza Fort Point, ngome ya matofali iliyo chini yake, uone jinsi wahandisi walivyojenga tao zima la chuma ili wasiibomoe. Daraja lilifunguliwa Mei 1937, na urefu kati ya minara yake miwili, mita 1,280, haukupitwa popote duniani hadi mwaka 1964. Wakati wa ujenzi palitandazwa wavu chini, ukawaokoa watu 19 walioanguka. Hata hivyo wafanyakazi 11 walikufa. Rangi yake ya chungwa ilichaguliwa ionekane ukunguni. Nenda kwa miguu kupitia njia ya upande wa mashariki, funga kofia kidevuni, na usihuzunike ukungu ukilificha. Ndipo utakaposikia honi zake, moja ya katikati ya daraja na nyingine ya mnara wa kusini, zikiitikiana kwa sauti nzito kuziongoza meli ambazo huzioni.

Mezani na nyumbani

Mkate mchachu wa San Francisco, wenye gamba gumu, ni urithi wa enzi ya dhahabu, na huliwa vizuri na supu ya chaza. Kaa wa aina ya Dungeness ni wa majira ya baridi. Chakula kidogokidogo cha Kikanton kinacholetwa kwa vikapu vya mvuke ni cha asubuhi. Ukifika saa nane mchana utakuta masalia. Bei iliyoandikwa si utakayolipa: ongeza kodi ya mauzo, na mgahawani bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Maji ya bomba yanywe bila wasiwasi, kwani mengi yanatoka bwawa la Hetch Hetchy, ndani ya hifadhi ya Yosemite, kwa bomba refu la kilomita 270 hivi.

Anayehamia atakutana na mapipa matatu kabla hajakutana na majirani. La bluu ni la karatasi, chupa na makopo, la kijani ni la mabaki ya chakula, jeusi ni la vilivyobaki, na tangu mwaka 2009 kuchambua taka ni sheria. Msomaji wa Kigali, Nairobi au Dar es Salaam hatashangaa kutopewa mfuko wa plastiki dukani, lakini huenda akashangaa mwenye nyumba kumrudishia ganda la ndizi alilolitupa kwenye pipa jeusi. Watu wa huko ni wepesi wa salamu na wazito wa miadi. Mwalike mtu wiki mbili kabla, na siasa usizianzishe kama huna jioni nzima.

Chini ya miguu yako

Sasa turudi kwenye kifusi. Tarehe 17 Oktoba 1989, saa kumi na moja na dakika nne jioni, tetemeko la Loma Prieta liliua watu 63 katika eneo lote la ghuba. Ndani ya jiji mtaa ulioumia zaidi ulikuwa Marina, uliojengwa juu ya ghuba iliyojazwa, kwa sababu mchanga wenye maji ukitikiswa huwa kama uji. Nyumba za juu ya mwamba zilitikisika zikatulia. Kwa hiyo anayetafuta pango aulize kodi, aulize ukungu, kisha aulize nyumba imesimama juu ya nini. Ardhi ikianza kutikisika, usikimbilie nje, maana vioo na matofali huanguka ukutani. Inama, ingia chini ya meza imara, ishike mguu mpaka itulie. Weka nyumbani maji ya siku tatu, tochi, na viatu karibu na kitanda.

Lile la tarehe 18 Aprili 1906 lilikuwa kubwa zaidi, na moto ndio uliomaliza kazi, kwani mabomba ya maji yalipasuka na wazima moto wakabaki na mipira mikavu. Watu wapatao 3,000 walikufa, na zaidi ya nusu ya wakazi 400,000 walipoteza makazi. Ukivuka barabara, tazama chini: katika njia panda nyingi utaona duara pana la matofali lililochorwa kwenye lami. Chini yake kuna birika la maji lililojengwa kwa ajili ya siku ambayo mabomba yatapasuka tena. Halafu panda hadi kona ya 20th Street na Church, juu ya Dolores Park. Hapo kuna bomba la zimamoto lililopakwa rangi ya dhahabu, mojawapo ya machache yaliyotoa maji mwaka ule, na lililosaidia kuuokoa mtaa wa Mission.

Ukiwa jijini tarehe 18 Aprili, weka saa ya kukuamsha saa tisa usiku, uvae ile sweta, uende kwenye chemchemi ya chuma iitwayo Lotta's Fountain, Market Street. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri watu hunyamaza, kisha ving'ora vya magari ya zimamoto hulia. Baadaye wafuate wanaopanda kilima kwenda kulipaka bomba rangi mpya. Kopo la rangi hupokezanwa, na mgeni akisogea naye hupewa zamu yake.